Gunia la viazi nyumbani: ya kuangalia kabla hujalipa na baada ya kulifungua

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kwa wanaonunua viazi mviringo kwa gunia hayatofautiani sana. Siku ya kwanza vilikuwa vizuri. Wiki ya tatu vimechipua, vingine vimegeuka kijani, na chini ya gunia kuna majimaji yanayonuka. Mnunuzi anasema aliuziwa viazi vibovu, muuzaji anasema mnunuzi hakujua kuvitunza. Mara nyingi kila mmoja ana sehemu yake ya lawama, na tungependa mteja wetu aijue sehemu yake kabla hajatoa hela.

Kiazi kilichochimbwa bado kiko hai. Ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na yale macho yake ni machipukizi yanayosubiri wakati wao. Hata kikiwa ndani ya gunia kinapumua: kinavuta oksijeni, kinatoa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na joto kidogo. Takribani asilimia 80 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kinaweza kusinyaa, na pia kinaweza kuloana na kuoza. Kazi ya kuhifadhi ni kukipunguzia kasi ya maisha bila kukinyima hewa.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza. Nyumba inayokula kilo moja kwa siku italimaliza gunia la kilo 50 kwa siku 50. Hesabu hiyo ni rahisi. Swali gumu ni kama nyumba yako inaweza kutunza viazi siku 50. Kama una chumba chenye ubaridi, chenye giza na kinachopitisha hewa, inawezekana kabisa, hata zaidi. Kama sehemu pekee uliyonayo ni kona ya jiko lenye joto la nyuzi 25 au zaidi, hesabia wiki chache tu, kisha vitaanza kuchipua na kunyauka. Ile nafuu ya bei ya jumla itaishia jalalani. Kwa mteja wa namna hiyo sisi tunashauri nusu gunia sasa na nusu nyingine baadaye, au gunia moja mgawane na jirani. Tunajua kwamba kwa ushauri huu tunauza kidogo kwa safari moja, lakini ndio sahihi.

Ukishajua kiasi, uliza viazi vimechimbwa lini. Baada ya kuvunwa, kiazi huwa na kipindi cha kulala ambacho hakichipui hata kikiwekewa mazingira ya kuota. Urefu wake unategemea aina, na kwa aina nyingi ni kati ya miezi miwili na mitatu. Joto hukifupisha. Viazi vilivyokaa ghalani muda mrefu vinaweza kuonekana safi siku unaponunua na kuchipua siku chache baada ya kufika kwako, kwa sababu usingizi wao ulikuwa umekwisha. Angalia machoni: ukiona vinundu vyeupe au vya zambarau vimeanza kujitokeza, hivyo ni viazi vya kula mapema.

Kisha sugua ganda kwa dole gumba. Likichubuka kirahisi, kiazi kilichimbwa kabla hakijakomaa au kabla ganda halijakaza. Ni kitamu kwa kupika wiki hii, ila hakifai kukaa. Cha kuhifadhi kina ganda lililoshika, ni kigumu mkononi na ni kikavu. Udongo mkavu kidogo juu yake si tatizo. Viazi vilivyooshwa ndivyo vya kuogopa kama unataka kuweka akiba, kwa sababu maji yanayobaki juu ya ganda huziba vitundu vidogo ambavyo kiazi hupumulia, na bakteria wa kuozesha hupenda hali hiyo hasa.

Usinunue gunia kwa kutazama mdomo wake tu. Omba limwagwe, au angalau ufikie katikati na chini. Nusa. Gunia zima lenye kiazi kimoja kinachooza hutoa harufu ambayo huwezi kuikosea. Tazama doa lolote la unyevu kwenye kitambaa. Tafuta mikato ya jembe, na tafuta vitundu vyenye vumbi jeusi karibu na macho, ambayo ni dalili ya kiwavi wa nondo wa viazi. Huyo hutoboa njia ndani ya nyama ya kiazi, na ukimpeleka nyumbani ataendelea na vingine. Muuzaji anayekataa gunia lifunguliwe amekwisha kukujibu. Na hakikisha hujauziwa viazi vya mbegu: huenda vimewekwa dawa, havifai kuliwa.

Gunia likifika, lisikae limefungwa mpaka kesho kutwa. Mimina viazi taratibu, usivirushe, kwani kiazi kikiangukia sakafu ngumu hupata jeraha la ndani lisiloonekana nje, na baadaye utakuta doa la kijivu au jeusi ukikimenya. Chagua kimoja kimoja. Vilivyokatwa na kuchubuka vipikwe kwanza. Vyenye majimaji au ulaini vitoke nje ya nyumba siku hiyohiyo. Vizima viache vimetandazwa mahali penye giza na hewa kwa wiki moja hadi mbili, pasipo na baridi kali. Katika muda huo mikwaruzo midogo huota ngozi mpya. Ngozi hiyo ndiyo kinga yake kubwa, na hatua hii ndiyo wengi wanaoiruka.

Baada ya hapo vinahitaji ubaridi, giza na hewa. Nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi zinafaa sana kwa matumizi ya nyumbani, na hewa isiwe kavu mno, maana itavikausha. Si kila nyumba inafika nyuzi hizo. Tafuta basi sehemu yenye ubaridi kuliko nyingine zote: chumba kisichopigwa na jua la mchana, mbali na jiko na mbali na mgongo wa friji, ambao hutoa joto saa zote. Viinue juu ya chaga au ndani ya tenga lenye matundu ili hewa ipite chini, na lundo lisiwe refu. Funika kwa gunia la katani au karatasi nene. Mfuko wa plastiki usitumike kabisa, kwa kuwa mvuke ambao viazi vinautoa unagandia ndani na kuvirudia kama maji.

Watu wengi hutuuliza kuhusu friji. Kiazi kikikaa muda kwenye baridi ya friji ya kawaida, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari. Ukikichemsha utaona utamu usio wa kawaida, si zaidi ya hapo. Ukikikaanga au kukioka, sukari ile hukifanya kiwe cheusi haraka na huongeza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo hutokea vyakula vya wanga vinapopikwa kwa moto mkali na ambayo ni vyema kuipunguza. Kwa hiyo viazi vya chipsi visiingie friji. Friza ni mbaya zaidi kwa kiazi kibichi, kwani kikiyeyuka kinalainika na kutoa maji. Kama una ziada, menya, kata, chemsha dakika chache, kausha, ndipo ugandishe.

Vitunguu viwekwe kwingine. Vinataka hewa kavu, viazi vinataka yenye unyevu kiasi, na vikiwekwa pamoja kimojawapo lazima kiumie. Matunda yanayoiva, kama ndizi na tufaha, nayo yakae mbali. Yanatoa gesi ya ethilini, inayoweza kuvuruga usingizi wa viazi.

Kagua lundo kila wiki, na ukague mpaka chini, kwa mkono. Kiazi kinachooza huwa maji, maji hushuka juu ya vilivyo chini yake, na ndani ya siku chache hasara ya kimoja inakuwa ya vingi. Hapa tunaomba uzingatie jambo moja kwa uzito: kama unahifadhi viazi vingi katika chumba cha chini ya ardhi au stoo isiyo na dirisha, na ukifungua mlango ukakutana na harufu kali ya uozo, usiingie. Viazi vingi vinavyooza katika chumba kilichofungwa vinaweza kuimaliza oksijeni na kukijaza chumba hewa inayoua. Acha mlango wazi, hewa ipite kwanza, na usimtume mtoto akuchukulie.

Rangi ya kijani yenyewe ni klorofili, ileile ya majani, na haina madhara. Inatisha kwa sababu mwanga unaoileta huambatana na ongezeko la solanini na sumu nyingine za jamii yake, ambazo hujikusanya zaidi kwenye ganda, machoni na kwenye machipukizi. Taa ya umeme inayowaka muda mrefu inatosha kuleta hali hiyo. Kuchemsha hakuziondoi vya kutosha. Doa dogo la kijani likate kwa kina kisha utumie kiazi kilichobaki. Kiazi kilichokijanika sehemu kubwa kitupe. Kikiwa kichungu mdomoni, kiteme. Sumu hizi huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, na watoto huumia kwa kiasi kidogo kuliko watu wazima. Maganda ya kijani usiwape mifugo.

Kuchipua peke yake si hukumu ya kifo. Kiazi kigumu chenye vichipukizi vifupi kinaliwa: ng'oa vichipukizi pamoja na jicho, menya, pika. Kilicholainika, kimekunjamana na kuota mikono mirefu hakina thamani tena mezani.

Unapoagiza kwetu tutakuuliza mko wangapi, mnapika viazi mara ngapi kwa wiki, na utaviweka wapi. Gunia litafunguliwa mbele yako na utachagua kuchukua lote, nusu, au kuliacha. Kama tayari una viazi ndani na vinakutia shaka, kata kimoja katikati, kipige picha kwenye mwanga wa mchana, nyama na ganda vionekane, ututumie pamoja na tarehe uliyovinunua na mahali vilipokaa. Tutakueleza tunachokiona, hata kama hukuvinunua kwetu.