Jaketi okozi likaguliwe boti ikiwa bado gatini

Mhariri,

Kila ikitokea ajali ya majini, simu zetu hujaa picha za maiti na "poleni wafiwa". Baada ya siku mbili tunapanda boti bila hata kuuliza jaketi okozi liko wapi. Inauma, maana boti ya MV Skagit ilitoka hapa hapa Dar es Salaam Julai 18, 2012, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar.

Abiria wa Zanzibar, ukishaketi tu, litafute. Mara nyingi liko chini ya kiti au kabatini. Livute, ulitazame. Mkanda ukiwa umekatika au kifungio kimevunjika, mwambie baharia akubadilishie kabla hamjaondoka. Ukilivaa, funga vifungio vyote na ukaze mpaka ukilivuta mabegani lisipande kufika masikioni. Lililolegea hupanda usoni ukiwa majini, ukabaki kupambana nalo badala ya kupumua. Mtoto apewe la saizi yake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. La mtu mzima humchomoka.

Kivuko MV Nyerere, kilichopinduka Ziwa Victoria Septemba 20, 2018, kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Chombo kilichojaa kupita kiasi hupinduka upesi watu wakihamia upande mmoja, hata gati likiwa linaonekana. Nasi wa Kigamboni tuache kurundikana mlangoni pantoni ikikaribia Magogoni.

Wenye boti nao wawaonyeshe abiria namna ya kuvaa jaketi kila safari, kwa mtu aliyesimama mbele yao, si kwa video isiyosikika.

Msomaji,
Kigamboni, Dar es Salaam