Kwa mwanangu, mwalimu msaidizi wa chekechea

Mwanangu mpenzi,

Tangu uliponipigia simu kuniambia umepata kazi hapo Tudor, asubuhi chekechea na alasiri kukaa na watoto wanaotoka shule wakisubiri wazazi wao, barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani. Nimefurahi, Mungu shahidi. Kilichonichoma ni vile ulivyoshusha sauti ulipofika kwenye cheo, ukasema wamekuchukua uwe msaidizi, kama mtu anayeomba radhi. Kazi hiyo nimeifanya Majengo miaka mingi, kwanza nawe ukiwa mgongoni, baadaye ukiwa mkekani pamoja na wenzako. Basi nisikilize.

Mwalimu wa darasa amebeba wote. Ana ratiba, ana ripoti, ana mada ya wiki, ana wazazi wanaotaka mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, awe anasoma Kiingereza kabla muhula haujaisha. Hata awe hodari vipi, kila saa kuna mtoto ambaye darasa limempita: aliyejikojolea akaona haya kusema, aliyemaliza mapema akaanza uchokozi, asiyeifahamu lugha, anayelia tangu mlangoni. Huyo ndiye wako. Umewekwa pale umwone yule ambaye aliyesimama mbele hawezi kumwona.

Anzia mlangoni. Wiki za kwanza za muhula mlango huwa kilio kitupu, na mama mwingine atataka kuponyoka mtoto akiangalia kando. Mzuie kwa adabu. Mwambie aage, amweleze mtoto nani atakuja kumchukua na wakati gani, kwa kipimo anachokijua mtoto, "ukishakula na kulala," kisha aende. Mtoto aliyetorokwa hukaa akiulinda mlango siku nzima, asiguse chochote. Wewe chuchumaa, macho yenu yawe sawa, usimvute mkono. Mpe kazi ndogo, kama kubeba kikapu au kumwagia maua maji.

Namkumbuka mvulana mmoja wa ng'ambo ya Likoni, kwao kunasemwa Kidigo kitupu. Alikaa pembeni wiki baada ya wiki, haimbi, hajibu, na kwenye rekodi zake upande wa hesabu palikuwa peupe. Siku moja nikaketi karibu naye na kikapu cha vifuu vya nazi na vizibo vya soda. Sikumuuliza kitu, nikapanga vyangu. Baadaye akavuta kifuu kimoja, akakigeuza, akaviweka vizibo foleni. Akakisukuma kifuu polepole, akakiegesha, akavitoa vizibo vyote vilivyokuwamo, ndipo akaanza kuingiza vingine. Nikaelewa kuwa kifuu ni feri ya Likoni, na vizibo ni magari. Nilipojaribu kupenyeza kizibo changu kabla ya wakati, akanishika mkono, akaniambia wa ndani watoke kwanza. Kisha akayahesabu magari yake mpaka kumi na mawili, kwa lugha yake, bila kukosea. Jioni ile ile nilimweleza mwalimu wa darasa, na tangu hapo hesabu za mtoto yule zikaanzia kwenye feri. Sera ya nchi inataka watoto wa umri huo wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, na kwetu Mombasa hiyo ni Kiswahili. Lakini wapo wanaofika wakiwa bado hawajakipata. Jifunze kusalimia, na kuuliza habari za choo, njaa na maumivu kwa Kidigo na Kigiriama.

Wala usidhani kufundishia vifuu ni umaskini. Mji wetu umewahi kuwafunza wengine jambo hili. Miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, msaada wa elimu ya watoto wao, na mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango wa Madrasa ikaanzishwa Liwatoni. Kutoka hapo mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa yetu hii hii waliopewa mafunzo, wakitengeneza vifaa kwa vifuu, makombe, ukili na vipande vya nguo. Njia yao ilitokana na ile ya HighScope ya Ypsilanti, jimbo la Michigan, ikalainishwa ikaingia katika dini na mila za hapa: mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha hukieleza. Huko Michigan walianza mwaka 1962 na watoto 123 wa familia maskini, baadhi wakasomeshwa chekechea na wengine la, kisha wakawafuatilia mpaka utu uzima, umri wa miaka 40. Waliosomeshwa walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, na polisi waliwakamata mara chache zaidi. Anayekwambia chekechea ni mahali pa kupotezea wakati, mweleze hayo. (Vizibo visifike mikononi mwa walio chini ya miaka mitatu. Wao kila kitu hutia kinywani.)

Weka kidaftari mfukoni. Andika ulichokiona: "alimsukuma mwenzake alipoitaka ndoo." Usiandike "mtukutu," maana neno hilo litamtangulia mtoto kwa kila mwalimu atakayekuja. Na kama hukubaliani na mwalimu wa darasa, mwambie watoto wakishaondoka.

Kuhusu kupiga sitaki tuzungushane. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kwa maneno. Kufinya ni kupiga. Mzazi atakwambia, "Mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo hanayo. Mtoto mdogo akimuuma mwenzake, mshughulikie aliyeumwa kwanza, umwoshe kwa maji na sabuni, ndipo umgeukie aliyeuma kwa maneno machache: "Umemuumiza. Ukitaka kitu, sema nipe." Na jina lake usilitaje kwa mzazi wa mwenzake.

Alasiri ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi huwakosea watoto. Wanaokuja saa tisa wamekaa kwenye madawati tangu asubuhi, jua la Kaskazi limewachoma njiani, wengine walitoka nyumbani na chai kavu. Usiwafungulie shule ya pili. Maji kwanza. Halafu kitu cha kutafuna, muhogo, ndizi, viazi vya kuchemsha. Halafu wakimbie, waruke kamba, wacheze mdako na bano, na anayetaka kulala alale. Kazi ya nyumbani ifuate, na kalamu aishike mtoto mwenyewe. Mzazi akilalamika kuwa ina makosa, mweleze kuwa mwalimu wa shule anahitaji kuyaona makosa hayo. Ujue nani huenda chuoni kusoma Kurani siku gani na nani humpeleka. Mwezi wa Ramadhani wapo wakubwa watakaofunga. Watafutie kivuli mbali kidogo na wanaokula. Msichana mkubwa asigeuzwe yaya wa wadogo kwa sababu ni mpole. Naye ametoka shule, naye amechoka.

Saa ya kuchukuliwa ndiyo saa ya kuwa macho. Mtoto hatoki na mtu ambaye hakuandikwa, hata mtoto akimwita mjomba, hata mtu huyo akikasirika. Piga simu kwa mzazi, ungoje. Chooni, mlango uwe wazi na mwenzako ajue mko wapi. Na mtoto akikwambia jambo la kutisha kuhusu mtu mzima, msikilize bila kumhoji, usimwahidi siri, yaandike maneno yake vile vile, kisha mweleze mkuu. Ukiona linazimwa, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Haitozwi.

Sasa nikuulize, wamekupa mkataba? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Saa zako zitajwe humo, maana asubuhi na alasiri zikiunganishwa ni siku ndefu, na mapumziko ya mchana usikubali yaishie kwenye ufagio. Waulize pia kama watakuachia nafasi ya kusomea diploma ya elimu ya awali. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na kaunti zikitangaza nafasi huulizia vyeti. Habari ya karo nimeshaizungumza na babako, kuna kitu tumeweka.

Vifuu vya kuanzia ninavyo, nimevisugua vikawa laini. Njoo Kisauni Jumapili uvichukue, na huo mkataba uje nao tuusome kabla hujatia sahihi.

Mamako