Ipande Treni, Sisi Tubaki Chini

Changamwe, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, twashukuru, na joto ni lile lile ulijualo. Mama akusalimu sana. Magoti yamsumbua, lakini ulimi haujambo.

Ulipoandika kwamba hapo Clayton, Melbourne, Australia, treni yapita juu na watu chini yake waenda madukani bila wasiwasi, niliisoma ile barua mara mbili. Hapa mtaani mazungumzo sasa ni hayo hayo. Wajua tangu reli mpya ya SGR ianze 2017 abiria wakiteremka Miritini, nje ya kisiwa, kisha kila mtu na matatu au tuktuk yake mpaka mjini. Ndipo ikaja kazi ya kuunganisha Miritini na stesheni ya zamani kisiwani, pamoja na daraja la reli pale Makupa. Naunga mkono. Shida ni kwamba tangu treni za reli ya zamani zipungue, watu wameigeuza uchochoro. Mama wa mbaazi ameweka meza yake hatua chache tu kutoka kwenye chuma, na watoto wa shule hufuata mataruma hadi nyumbani.

Kivuko chetu chenyewe, pale barabara inapokatiza reli, ungekiona! Lami imemomonyoka kando ya chuma, pamebaki mwanya ambao gurudumu la mbele la tuktuk huingia kama limeitwa. Juzi kijana wa maji alinasa hapo na mkokoteni wake, mitungi imejaa. Nyuma honi, makanga anatukana, mwisho hamali wawili wakauinua mkokoteni na maji yake yote. Bahati treni haikuwapo. Ingekuwapo, dereva angefanya nini? Treni ya mizigo ikishika breki yaweza kwenda kilomita nzima na zaidi kabla haijasimama, na haina usukani wa kukwepea.

Wengi wakisikia usalama huwaza daraja la waenda kwa miguu. Hapo mimi sikubaliani nao. Kuvuka juu ya treni kwataka kimo cha mita sita au saba, yaani vidato arubaini hivi vya kupanda na arubaini vya kushuka. Mama na magoti yake hapandi. Mwenye mkokoteni hapandi. Aliyebeba mtoto mgongoni na kapu mkononi atatazama kushoto na kulia, akatize chini, na mimi na wewe tungefanya vivyo hivyo. Angalia barabara kuu zetu: daraja liko juu, watu wako chini wanaruka vizuizi. Kisha twaambiwa wananchi hawana nidhamu!

Huko kwenu kazi ya kuondoa vivuko ilianza 2015, na lengo ni 110 ifikapo 2030. Kipande chenu cha Caulfield hadi Dandenong kiliondoa tisa, kikamalizika 2018, na nimesoma kwamba wakazi wa kando ya reli walipinga kuinuliwa kwake kweli kweli, wakihofia abiria watawachungulia uani. Siwalaumu. Ua wa mtu ni stara yake. Lakini kilichonikaa ni habari ya ambulansi za ile hospitali kubwa ya Clayton, zilizokuwa zikisimama na mgonjwa ndani zikingoja vizuizi viinuke.

Najua si kazi rahisi. Treni haipandi ghafla. Hata kwa mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100, kufikia mita saba kwataka mita 350 za kupandia na 350 za kushukia, na treni nzito ya mizigo hutaka mwinuko mdogo zaidi, kwa hiyo njia ndefu zaidi. Changamwe ilivyobanana, zitavunjwa nyumba za nani? Na wakimwaga tuta la udongo badala ya kusimamisha nguzo, tuta nalo ni ukuta. Ukitaka upande wa pili utafute pa kupenyea. Sisemi basi kila kivuko kiinuliwe. Vingine vifungwe, mradi njia nzuri iwe karibu. Vingine vichimbiwe njia ya chini, ingawa kwa masika yetu mtaro wa maji ufikiriwe kabla ya lami. Ila pale umati unapopita kila asubuhi, ipande treni. Sisi tubaki chini na mikokoteni yetu.

Sasa nina ombi. Siku huna kazi, nenda chini ya hiyo reli na simu yako. Treni usinipigie. Nataka picha za chini: nguzo zimeachana kiasi gani, taa zikoje usiku, wachuuzi wapo au wamefukuzwa, mwenye kiti cha magurudumu apita wapi. Mwezi ujao kuna mkutano wa wakazi, na mzee wa mtaa wamjua, maneno matupu hayamwingii. Nitumie kwa WhatsApp kabla ya hapo, hata zikiwa na ukungu.

Wabusu watoto.

Wasalaam,
Shoga yako, Mwanaisha