Kikao cha mwaka, Jumamosi hii Kisongo

Habari za jioni wakuu,

Kikao cha mafundi wa ndege ni Jumamosi saa 4 kamili asubuhi, ukumbi uleule jirani na uwanja wa Arusha. Wa Moshi ondokeni mapema, foleni ya Usa River mnaijua.

1. Mchango 15,000/= (chai, chakula, ukumbi). Mwisho Alhamisi saa 12 jioni, kwa mweka hazina.

2. Taarifa ya mwaka. Tulichofanikiwa: spana za toki (za kukazia boliti kwa nguvu iliyopimwa) sasa tunazipeleka kuhakikiwa kwa pamoja, gharama imeshuka. Kilichotukwamisha: vipuri kuchelewa, na vumbi la viwanja vya porini. Anayehudumia ndege za Cessna Caravan aje na rekodi za kuosha kompresa (sehemu ya injini inayokandamiza hewa): tarehe, saa za injini, ITT (joto la gesi kati ya turbini za injini) kabla na baada. Kompresa ikichafuka hewa hupungua, joto hupanda kwa nguvu ileile, halafu watu wanakimbilia kulaumu nozeli za mafuta. Leteni pia picha za propela zilizogongwa na changarawe. Piga picha ya ukingo wa mbele kwa karibu, si ndege nzima.

3. Vijana wa mafunzo wanalipa nusu.

Jibu NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi. Ukikaa kimya, pilau yako haipikwi.