Usingizi wa Mama si uzee

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na fedha ulizoomba nimezituma, ila naomba zianzie kwa daktari kabla hamjamwajiri mtu wa kumwangalia Mama. Sikubaliani hata kidogo na kikao chenu kilichoamua kwamba anasinzia mchana kutwa kwa sababu ya uzee, wakati hakuna aliyefungua mfuko wake wa dawa.

Wewe mwenyewe umenitajia: amitriptilini ya maumivu ya neva, diazepamu ya usiku, na klofeniramini ambayo Dada humpa kila akipiga chafya. Zote tatu huleta usingizi, na zikikutana huongezeana nguvu. Klofeniramini ni miongoni mwa dawa za zamani za mzio, ambazo huingia hadi kwenye ubongo na kuizuia histamini, kemikali ya mwili ambayo huko husaidia kumweka mtu macho. Loratadini, iliyo mpya zaidi, huingia kidogo sana, ndiyo maana aghalabu haimlazi mtu. Diazepamu nayo hukawia mwilini kwa siku kadhaa, na kwa wazee hukawia zaidi, hivyo kidonge cha leo hukuta cha jana hakijaisha. Hata kuyumba kwake na kuchanganya majina ya wajukuu, mambo ambayo Dada amekwisha kuyahukumu kuwa ni uzee, huweza kuletwa na dawa hizo hizo.

Sisemi kwa kubahatisha. Nimehitimu mafunzo ya msaidizi wa mfamasia nikiwa wa kwanza darasani, na cheti nimekitundika ukutani. Baridi ya huku niliko na kazi zangu za usiku tuyaache. Kinachoniuma ni simu: zamani Mama alikuwa akinisimulia mpaka salio linakwisha, na siku hizi anasinzia kabla sijamaliza kumwamkia.

Mpelekee daktari dawa zote, pamoja na zile za mafua mnazojinunulia wenyewe, umuulize ipi ipunguzwe na ipi ibadilishwe. Lakini asije mtu akamwachisha diazepamu ghafla kwa sababu ya barua hii, kwani kwa mwili uliokwisha kuizoea jambo hilo huweza kuleta hata degedege. Klofeniramini Dada asimpe tena mpaka daktari aruhusu, na umweleze kwamba nimesema hivyo bila kumlaumu. Mkitoka huko nipigie usiku uleule. Nitakuwa kazini, lakini nitapokea.

Mdogo wako