Bastola chini ya godoro

Ndugu Mhariri,

Juzi nilikwenda kumpa pole jirani yangu hapa Majengo, Moshi. Tukiwa kwenye chai, mjukuu wake wa miaka sita akatoka chumbani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. "Babu, hii nzito." Ilikuwa bastola. Mzee anaimiliki kihalali, ila huilaza chini ya godoro, risasi zikiwa ndani. Chai yangu sikuimaliza.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki aitunze silaha yake salama. Sawa, lakini nani anapita kuangalia? Anayeomba kibali aonyeshe kwanza sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, na polisi kata aione kwa macho, si kwenye karatasi. Mtasema sefu ni ghali. Mafundi wa kuchomelea wanaotutengenezea mageti hawashindwi na sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi zikae kwingine, na ufunguo usitundikwe msumarini pamoja na wa stoo.

Mzee ananiambia sasa ameihamishia juu ya kabati. Mjukuu naye stuli anajua kuiburuta.

Msomaji wenu,
Moshi