Mbwa wangu nimtoe kizazi Oktoba, au nisubiri korosho ziishe?

Shangazi, shikamoo.

Naishi Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na mume wangu na watoto watatu. Tuna mbwa jike mweusi, Chausiku, wa miezi 10. Julai aliingia kwenye joto mara ya kwanza. Wiki tatu nzima nilimfungia bandani, madume wakilala mlangoni, wengine sijawahi hata kuwaona mtaani.

Nataka atolewe kizazi. Kabla yake tulikuwa na Kimya. Huyo alizaa mara nne, na kila mara kugawa watoto wake ilikuwa shida, maana majirani zangu wengi hawafugi mbwa. Alipofika miaka 8, mwezi mmoja hivi baada ya joto, akaanza kunywa maji kupita kiasi, chakula hagusi, usaha unamtoka nyuma. Khanga niliyomtandikia ililowa chapachapa. Daktari wa mifugo alisema kizazi kimejaa usaha na tumechelewa. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Sitaki kuyaona tena yale.

Mume wangu hakatai, ila anashikilia azae kwanza walau mara moja, la sivyo atazubaa, hatalinda. Daktari kasema si kweli, jike aliyetolewa kizazi hulinda vilevile. Hapo namwamini daktari.

Kinachonisumbua ni muda. Daktari anataka ipite miezi miwili hadi mitatu baada ya joto, kwa sababu kabla ya hapo mishipa ya kizazi bado imejaa na damu inaweza kumtoka nyingi. Hiyo ni Oktoba, korosho zimeanikwa uani na Chausiku ndiye mlinzi. Akishonwa, siku 10 hadi 14 asikimbie, asilowe, asilambe kidonda. Na pesa yenyewe hatuishiki mpaka korosho ziuzwe mnadani.

Nikisubiri Januari pesa itakuwepo, lakini joto la pili huja baada ya miezi sita au saba, kwa hiyo linaweza kumkuta hapohapo. Dume mmoja akiruka ua, siku 63 tu nina watoto wa mbwa.

Shangazi, nikope nimpeleke Oktoba, korosho tulale nazo wenyewe wiki mbili? Au nimfungie tena mpaka joto la pili lipite? Na baba watoto nimwambieje akubali bila kugombana?

Mama Zaituni,
Naliendele, Mtwara